Wafuasi wa Mzee Sponji

Mzee Sponji alikuwa amebana misumari midogo midomoni, anagongelea kitambaa kwenye mkono wa kochi, mkwe wake alipoingia na simu na kusema, "Baba, nimekununulia wafuasi."

Mzee alitema kwanza misumari kiganjani. "Wanakula nini?"

"Hawali, baba. Ni wa mtandaoni. Watu wakiona ukurasa wako una wafuasi wengi, watayaamini makochi yako."

Nia yake ilikuwa njema. Tangu lifunguliwe lile ghala la makochi ya kuletwa kutoka nje, karakana ilipoa hadi mzee na mkewe wakawa wanasikiana wakimeza chai. Wenye ghala walishamwita akafanye kibarua cha kuwafungulia maboksi. Aliwaomba wasubiri mwezi uishe. Ukiisha bila oda, angefunga mlango, na nyundo yake ibaki ya kupasulia karanga.

Kesho yake wafuasi wakaja. Walikuja kwa miguu, foleni moja, rangi ya kijivu toka utosini hadi kwenye soli, bila nyuso, kama ile picha inayokaa mahali pa mtu ambaye hajaweka picha yake. Walijipangusa miguu mlangoni. Wakaketi kwenye makochi, kwenye mikono ya makochi, juu ya mafurushi ya sponji, na kila mzee alipopiga msumari wote walinyoosha dole gumba.

"Karibuni, wanangu," mke wa mzee alisema, akaongeza maji kwenye birika. Walishika vikombe kwa adabu mpaka chai ikapoa.

Fundi saa wa jirani alichungulia. "Mzee Sponji, umefungua stendi ya mabasi?"

"Wivu huo. Wewe nani anakufuata?"

"Mke wangu, nikichelewa."

Sasa, mzee alikuwa na utaratibu wake. Mteja akishaketi na kuinuka, yeye huinama akatazama bonde lililobaki kwenye sponji, ndipo ajue akate unene gani na aongeze wapi. Aliwapitia wafuasi hivyo hivyo, mmoja mmoja. Sponji haikubonyea hata kidogo.

"Wameketi, ila hawajaketi," alimwambia mkewe.

"Waache bwana, hawana makuu."

Mwezi ulikuwa ukingoni alipokuja muuguzi mmoja, amemshika mkono mama yake anayeumwa mgongo. Alitaka kiti cha mama. Alitupa macho huku na huku, hakuona pa kumkalisha.

"Mbona pamejaa hivi? Basi, twende tu ghalani."

"Inukeni jamani!" mzee alisema. Wakanyoosha dole gumba.

Mkewe alimwinamia aliyekuwa karibu, mwanamke kwa umbo, akamgusa bega. "Mwanangu, mpishe mgonjwa."

Mwanamke yule akainuka. "Siku nyingi sijaombwa kitu, bibi," alisema, kwa sauti iliyoota kutu. "Nilikuwa na ukurasa wa mikate yangu. Nilipoacha kuoka nikauacha wazi. Wakaniokota humo, wananiuza."

"Nani hao?" mke wa mzee aliuliza.

"Huyo aliyemuuzia mkweo, na wenzake."

"Pole, mama. Na mikate, ilikuwa inaumuka?"

"Ilikuwa inagusa kifuniko."

Mama wa muuguzi aliketi, akainuka. Mzee akainama. Bonde lilikuwa pale, limezama zaidi kushoto. "Unalikwepa goti la kulia," alisema, na mama akacheka, maana hakuwa amemwambia mtu. Oda ikaandikwa. Wenye ghala wakaambiwa wasubiri mwezi mwingine.

Mkwe alimpigia muuzaji, akamwomba amwachie mama wa mikate.

"Dada, hawauzwi mmoja mmoja," alijibu kwa upole. "Na muda wenu umeisha. Kesho wanakwenda duka la viatu."

Siku hizi wafuasi hupita kila asubuhi, foleni moja, wakienda kwa aliyewanunua. Mke wa mzee ameweka stuli mlangoni, yenye sponji laini kuliko zote. Foleni ikikwama pale njia panda, mama wa mikate huketi kidogo. Mwanzoni stuli ilibaki kama ilivyo. Sasa pana kibonde kidogo, kama cha mkate uliobonyezwa kwa kidole kuona kama umeiva. Mzee hukipima kwa gumba.

"Anakuja-kuja," humwambia mkewe.

Kisha foleni inasogea, na mama wa mikate anainuka, maana ameshalipiwa.