Benchi la Wanaosubiri Jibu

Kompyuta ya zamani ilikuwa na kelele zake. Ukiiwasha asubuhi ilivuma, ikakohoa, ikanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta miwani, ndipo ikafungua macho. Mwenye duka alishaizoea. Aliiwasha kwanza, kisha akafagia, akafuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi, akapanga bahasha na kalamu nyuma ya kioo, na alipomaliza yote hayo nayo ilikuwa imejiandaa kufanya kazi. Kwenye kibodi yake herufi N ilikuwa imefutika kabisa, lakini vidole vyake vilijua ilipo.

Mtaa mzima ulimwita Mama Chapa, kwa kuwa ndiye aliyechapa kila kitu cha mtaa: kadi za harusi, ratiba za mazishi, mikataba ya kupanga nyumba, barua za kuomba kazi. Duka lenyewe halikuwa na jina. Alilifungua kwa muda tu, alipotoka chuoni, wakati akisubiri jibu kutoka ofisi ya ramani alikoomba kazi ya kuchora. Jibu halikuja. Duka likapata mashine ya fotokopi, likapata wateja, na wanawe wakakulia chini ya meza yake wakila vifutio, lakini kibao hakikuwekwa. Nani anahangaika kuliandikia jina duka la muda?

Mwaka huu alikuwa ameamua. Alinunua kompyuta mpya, na siku hiyo hiyo akanunua mkebe wa rangi ya buluu na brashi. Nyaraka zikishahamishwa, atapanda ngazi aandike juu ya mlango DUKA LA MAMA CHAPA, mambo yaishe. Mkebe ulikuwa juu ya kabati, na kila alipouona alijisikia vizuri na vibaya kwa wakati mmoja.

Aliyekuja kuhamisha nyaraka ni mpwa wake, mtoto wa kaka yake, fundi kompyuta ambaye kofia haivui hata akialikwa chakula. Alichomeka flashi, akaanza. Kadi za harusi zilihama kwa shangwe. Ratiba za mazishi zilifuata kimya kimya. Mikataba ya nyumba ilitia ubishi kidogo, kisha ikakubali. Ikaja folda ya maombi ya kazi, na hapo flashi ikapata moto mpaka mpwa akaishika kwa leso.

"Shangazi, humu umeweka mawe?"

"Barua za watu kuomba kazi. Zote tangu nilipofungua."

"Zina uzito huo wote?"

"Wewe hamisha tu, acha maneno."

Alihamisha. Barua ya kwanza ilipotua kwenye kompyuta mpya, kijana mmoja alipiga hodi mlangoni. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, na mkononi alishika bahasha ya kaki. Alisalimia, akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka bahasha mapajani. Mama Chapa alimtambua mara moja. Alikuwa ni muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, kabla hajawa muuza nyama, siku alipokuja kuchapiwa barua ya kuomba ukarani wa benki.

Muuza nyama mwenyewe aliitwa. Alivuka barabara na aproni yake, akasimama mbele ya benchi, akajitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Kumbe nilikuwa na kiuno," alisema. "Umekula, kijana?"

"Nimeshakula, asante, mzee."

Muuza nyama hakulipenda hilo la mzee, lakini alilimeza. Alirudi buchani kwake akikuna kidevu, maana wateja walikuwa wakimngoja.

Wengine waliendelea kuingia kadiri barua zilivyohama. Waliingia madereva wa kesho, wakunga wa kesho, wahasibu ambao hawakuwahi kuwa wahasibu. Walikuwa wembamba, wenye adabu, wakinukia sabuni. Mmoja wao, mwenye barua yake alishafariki; yeye aliuliza tu kama kuna foleni, akaonyeshwa mahali, akakaa. Wateja wa kawaida walinung'unika, si kwa sababu ya yaliyotokea, ila kwa sababu hapakuwa na pa kukaa, na mwanamke aliyekuja kutoa fotokopi alimwambia Mama Chapa waziwazi kwamba duka dogo hivi lisingechukua watu wengi hivyo.

Mpwa alizisoma barua mbili tatu, akasukuma kofia nyuma. "Nimeona tatizo. Zote zinaishia maneno yale yale. *Nasubiri jibu lenu.*"

Hilo lilikuwa kweli, na mkosaji alikuwa Mama Chapa. Barua ya kwanza kabisa aliyochapa kwenye mashine ile ilikuwa yake mwenyewe, ya kwenda ofisi ya ramani. Aliipenda. Kila mteja alipokuja, aliifungua ile ile, akabadilisha jina, shule na kazi inayoombwa, akaihifadhi upya. Sentensi ya mwisho hakuigusa hata siku moja, kwa kuwa aliiona imekaa vizuri.

"Wameandikiwa wanasubiri, basi wanasubiri," alisema mpwa. "Hakuna aliyewaambia waache. Nikiifuta hiyo sentensi wataondoka chapuchapu. Nifute?"

Mama Chapa alikuwa amefungua mdomo kusema futa, ndipo akaingia wa mwisho, ambaye barua yake ndiyo iliyokuwa chini ya zote. Alikuwa msichana mwenye karatasi ndefu zilizokunjwa kama bomba kwapani. Viatu alivyovaa vilikuwa vya dada yake, vikubwa kidogo, na kwa mbele alivijaza gazeti. Mama Chapa alijua habari ya gazeti bila kuangalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mama Chapa. Kuamkiwa na wadogo ni kawaida ya dunia, lakini kuamkiwa na wewe mwenyewe kunaumiza kidogo.

"Samahani, hapa ndipo majibu yanapoletwa?"

"Anwani uliyoandika ni ya wapi?"

"Ya hapa."

"Basi ni hapa."

Msichana alishusha pumzi. "Wamechelewa kidogo, lakini nadhani wana kazi nyingi. Nchi ni kubwa, kuichora yote si mchezo." Alisema hivyo kwa moyo mweupe, akiitetea ofisi ambayo ilikuwa imempiga danadana kabla hata ya kumwona. Mama Chapa alimwonea huruma, kisha akapata hasira, na kwa kuwa ofisi ilikuwa mbali, hasira zikaishia kwa mpwa wake: akamwambia avue kofia ndani ya duka la watu.

Mpwa hakuvua. "Nifute au nisifute?"

Msichana alitazama kioo cha kompyuta. "Kaka, ukifuta, nitakuwa nimejibiwa?"

"Hapana. Utakuwa tu husubiri tena."

"Basi tafadhali usifute."

Benchi zima lilitikisa kichwa kukubali.

Kwa kuwa walitaka jibu, ilibidi waombe upya. Lakini ofisi siku hizi hazipokei bahasha. Barua inatumwa kwa kompyuta, na juu yake wanataka picha ya pasipoti ya kidijitali, la sivyo mashine yao inaikataa. Kamera ya Mama Chapa ilikuwa ya filamu, na filamu hazikuonekana tena madukani. Alifunga droo, akamwambia mpwa alinde duka, akamshika msichana mkono wakaenda kutafuta kamera. Rangi ingengoja.

Muuza kamera alikuwa mtu wa tai na maneno mengi. "Karibuni, karibuni. Tunapiga nini? Harusi? Ndege? Pasipoti?"

"Pasipoti. Za watu kama huyu."

Muuza kamera alimwangalia msichana, akamwangalia Mama Chapa, akarudi kwa msichana. "Ahaa, wa zamani. Mngesema mapema, si kila kamera inawaweza."

Aliteremsha kamera kubwa nyeusi yenye lenzi kama chupa ya chai. Msichana alikaa wima kwenye stuli, ikampiga. Kwenye kioo cha nyuma ilitokea blauzi ya msichana, na juu ya blauzi uso wa Mama Chapa wa leo, na mifuko yake chini ya macho, na mvi zake za pembeni.

"Hii ina akili mno," alieleza muuza kamera. "Inasahihisha umri yenyewe. Kuizima siwezi."

Msichana aliitazama picha kwa muda. "Huyu ni nani? Mbona amechoka?"

"Kamera imekosea, mwanangu," alisema Mama Chapa. "Tuonyeshe nyingine."

Ya pili ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha, inaingia hata mfukoni. Hiyo ilipiga stuli, blauzi, na bomba la karatasi, lakini msichana mwenyewe hakuwemo.

"Hii inampiga tu mtu anayejulikana mahali fulani," alisema muuza kamera. "Ofisi zote zinaipenda. Inauzika sana, nikwambie ukweli."

"Nyingine."

Muuza kamera aliinama chini ya meza, akatoka na kamera iliyochubuka pembe zote, mlango wa betri umefungwa kwa mpira. Aliishika kama mtu anayemtambulisha ndugu asiyemwonea fahari. "Sitaki kuwadanganya. Hii haivuti mbali, na ni nzito kichwani. Ukibonyeza inabidi usubiri kwanza, ndipo ipige."

"Kusubiri si tatizo," alisema msichana.

Alikaa. Mama Chapa akabonyeza. Walisubiri. Muuza kamera alipata nafasi ya kumhudumia mteja mwingine na kumrudishia chenji yake, ndipo kamera ikalia *tik*. Picha ilimtoa msichana mzima mzima, na kifungo chake kinachoning'inia, na macho yake yanayoangalia mbele bila wasiwasi wowote. Mama Chapa alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuangalia mbele namna ile. Aliifuta kamera kwa kanga yake, ingawa ilikuwa safi, akalipa bila kuomba kupunguziwa.

Alasiri nzima walipiga picha. Shuka la buluu lilitundikwa ukutani, na vijana wakapanga foleni wakiazimana kitana. Muuza nyama alivuka barabara kumweka sawa kijana wake kola, akarudi, akavuka tena kumwambia asitabasamu, benki hawapendi. Mjane wa yule aliyefariki naye alisikia, akaja na kitana chake mwenyewe. Alimchana taratibu. Siku barua ilipochapwa walikuwa hawajajuana, kwa hiyo kijana alimshukuru kwa adabu, akamwita mama, akamwuliza kama naye anaomba kazi. Mjane alicheka, kisha akaendelea kumchana, ingawa nywele zilishakaa vizuri.

Mama Chapa aliziingiza picha kwenye kompyuta mpya, akaibandika kila moja kwenye barua yake. Mpwa alimshauri aibadilishe ile sentensi ya mwisho, aweke kitu cha kisasa. Alikataa. Akabonyeza kutuma.

Majibu yalifika kabla hajatoa kidole kwenye kitufe. Yalifika yote kwa pamoja, kwa mlio mmoja, kutoka benki, hospitali, bandari na ofisi ya ramani, na yote yalisema neno moja.

*Tumepokea maombi yako. Tafadhali subiri.*

"Shangazi," alisema mpwa kwa sauti ya chini, "hiyo ni mashine imejijibia. Hakuna binadamu aliyesoma hapo."

"Najua. Mimi si mtoto."

Lakini benchi lilishasimama. Vijana walipeana mikono, wakakumbatiana, wengine wakarusha bahasha juu. "Wamejibu! Wamejibu!" Msichana alilia kwa furaha, akijifuta kwa mkono wa blauzi.

"Wameniambia nisubiri, mama."

"Naona, mwanangu."

Kelele zilipopungua walikaa tena, ila safari hii waliegemea ukuta, na wengine wakavua viatu. Awali walisubiri kwa kujitakia. Sasa walikuwa wameambiwa, na inaonekana hilo ni jambo tofauti kabisa. Muuza nyama alileta benchi la pili kutoka buchani, kwa kuwa la kwanza lilikuwa likilalamika. Mwanamke wa fotokopi alirudi na karatasi zake, akaona kuna pa kukaa, akasema sasa hapo sawa.

Mpwa alifunga kompyuta ya zamani kwenye boksi. Kisha akateremsha mkebe wa buluu, akaufungua kwa bisibisi, akatoka nje, akaegemeza ngazi juu ya mlango.

"Shangazi! Njoo tuandike jina kabla mvua haijatuwahi!"

Mama Chapa alichukua brashi. Msichana alikuwa ametandaza karatasi yake juu ya meza, anachora ramani ya mtaa kujifurahisha. Bucha ilikuwepo na jina lake, duka la dawa na jina lake. Penseli ilisimama juu ya kibanda kilichokuwa mkabala na bucha.

"Hapa niandike nini, mama?"

Mama Chapa aligeukia kioo cha kompyuta mpya. Jibu la ofisi ya ramani lilikuwa bado limefunguliwa. Juu kabisa, kabla ya yale maneno ambayo hakuna binadamu aliyeyaandika, lilikuwepo jina lake kamili, la chuoni, ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Tangu azaliwe, hii ndiyo mara ya kwanza ofisi ile imemwita. Alilisoma. Akalisoma tena, moyo ukimdunda kama wa mjinga, naye akijua ni wa mjinga.

Alitoka nje, akaweka kifuniko juu ya mkebe, akakigandamiza kwa kisigino mpaka kikaingia.

"Acha kwanza," alimwambia mpwa wake. "Duka hili ni la muda tu."

Akarudi ndani, akamwambia msichana apaache wazi hapo. Halafu akaenda kwenye benchi, na wale vijana wakasogeleana kumpisha.