Utepe Mwekundu Kilimani

Nathaniel alitupanga mstari kando ya jabali kama watoto wa shule, akaanza kukagua miguu yetu.

"Mwenye kandambili arudi nyumbani," alisema.

Viatu vya kufunika vidole. Maji ya kutosha. Filimbi shingoni, kizibao cha kung'aa mwilini. Ukitaka kupiga magoti upige picha, gonga kwanza majani kwa fimbo, maana nyoka kifutu hampishi mtu njia. Ukiona hatari usikimbie ovyo, puliza filimbi mara tatu, wenzako watakuja.

Sina ugomvi na hata neno moja katika hayo. Ugomvi wangu ulikuwa kwenye kile alichoshika mkononi, bunda la utepe mwekundu.

"Huo wa nini?" nilimuuliza.

"Tunafunga kwenye miti tusije tukapotea wakati wa kurudi. Au na hilo lina siasa, Machibya?"

"Upande wa pili wa kilima kuna watu wanaishi. Tupite kwa mwenyekiti wa mtaa, tumwambie tumekuja kupiga picha ndege."

"Jua likipanda tai anaondoka. Na huu msitu si wa mwenyekiti."

Winnie na Suhaib, wenzetu, wakawa wanaangalia viatu vyao. Tukaingia msituni. Kila baada ya miti michache Nathaniel alifunga utepe, na kila fundo lilinikaba mimi.

Ninyi mliokulia kwenye nyumba zenye hati hamjui rangi hiyo inasema nini. Nilikuwa darasa la tano walipokuja mtaani kwetu watu wa vizibao vya kung'aa na chombo cha miguu mitatu. Wakachungulia, wakaandika, wakaondoka. Halafu wakaja wengine na kopo la rangi, wakachora X nyekundu ukutani kwetu. Mama aliisugua kwa majivu na sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka, akiamini ikifutika watatusahau. Wakarudi wakaichora kubwa zaidi. Mwisho likaja tingatinga. Tulipokwenda kudai, bwana mmoja nyuma ya meza alisema bila kupepesa macho kwamba pale palikuwa na pori tu. Kama palikuwa na nyumba tulete ushahidi. Hatukuwa na picha hata moja. Mama amekufa akiwa mpangaji.

Kwa hiyo nilipomwona Nathaniel juu ya jabali, na kizibao chake, akisimamisha stendi ya kamera yenye miguu mitatu, nilitaka kuipiga teke ikaogelee ziwani kule chini.

Tai alikuwepo, lazima niseme ukweli. Mweusi tii, ametua kwenye ufa wa mwamba mkabala na sisi, pimbi kwenye kucha, kinda lake likipanua mdomo.

Nathaniel alikuwa bado anazungusha lenzi Winnie alipogonga majani kwa fimbo, kama alivyofundishwa, na majani yakafoka. Kifutu, mnene kama mkono wangu. Winnie alirudi nyuma taratibu, kama alivyofundishwa. Akapuliza filimbi mara tatu, kama alivyofundishwa.

Chini ya kilima filimbi nyingine ikamjibu. Halafu ya pili. Halafu ukapanda mwano, ule ukelele wa Kisukuma ambao ukiusikia unaacha jembe shambani na kushika fimbo.

"Ni nini hicho?" Suhaib aliuliza.

"Sungusungu, walinzi wa mtaa," nilisema. "Wenzenu wanakuja. Vueni hivyo vizibao."

Nathaniel hakuvua. Walitokea kati ya mawe, wanaume na wanawake, fimbo na mapanga mkononi. Aliyetangulia alikuwa mkuu wao, Kija kama nilivyosikia wakimwita, na kwenye ngumi yake zilining'inia tepe zetu. Nilichuchumaa, nikaweka fimbo yangu chini.

"Mwangaluka, baba. Mwangaluka, mayu," nilisalimia kwa Kisukuma.

Kija akainua zile tepe.

"Mnapima nini?" Kija aliuliza.

"Hatupimi," Nathaniel alisema. "Tunapiga picha ndege."

"Ndege. Na miti mmeifunga ili isiruke nao?"

Wachache walicheka. Wenye mapanga hawakucheka. Mmoja alikwishaishika stendi ya kamera.

"Njoo utazame," nilimwambia Kija. "Kama ni mpimaji, nami unipige pamoja naye. Nyumba yetu ilivunjwa nikiwa mtoto. Siwezi kuwaletea mpimaji."

Kija akainama kwenye kamera, akafumba jicho moja. Kisha akamwita mama mmoja mzee aliyekuwa akihema, amejishikilia kwenye mti. "Mama Paskazia, njoo uone. Kweli ni tai."

Mama Paskazia hakumtazama tai. Alikuja mbele ya Nathaniel.

"Shikamoo, mama," Nathaniel alisema.

"Marahaba. Nimekimbia kutoka kwangu nikiwa na mchi, nikidhani leo ndiyo siku ya tingatinga. Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Msalimie. Hicho kitu chako kinaweza kupiga picha nyumba?"

"Lenzi hii ni ya vitu vya mbali, mama. Na mwanga sasa hivi kwa tai ni..."

"Nathaniel," nilisema. "Nyumba ikiwa karibu, wewe rudi nyuma."

Alimtazama tai, akanitazama mimi, akatazama mapanga. Akafungua kamera kutoka kwenye stendi.

Kuteremka tulifuata njia yao. Nyumba ya Mama Paskazia ilikuwa ya matofali ya udongo, bati jipya upande mmoja, kaburi la mumewe pembeni. Nathaniel alirudi nyuma akiwa na jicho kwenye kamera, akarudi tena, kisigino kikafika ukingoni mwa jabali. Kija akamdaka kwa kile kizibao.

"Angalia unapokanyaga, mpimaji."

Mama Paskazia alisimama mlangoni bila kutabasamu.

"Kaburi linaonekana?"

"Linaonekana, mama."

"Na ukuta huu wote?"

"Wote."

"Basi weka na tarehe."

Nyuma yake majirani walikwishaanza kupanga mstari, kila mmoja akionyesha kwa kidole nyumba yake ilipo. Nathaniel akaangalia betri, halafu akaniangalia mimi.

"Ulituambia tujiandae," nilimwambia. "Huna betri nyingine?"

Akaitoa mfukoni.