Sharti la Kutomwita

“Kizuka hatoki mpaka eda ishe,” alisema Mwanapili. “N’shakwambia mara ngapi?”

“Shehe kasema mchana unatoka ukiwa na haja, mradi urudi kabla ya magharibi,” alijibu mwanawe, Khatib. “Nimemuuliza mwenyewe jana.”

“Nani kakutuma kwa Shehe?”

“Hakunituma mtu. Wakili anaondoka leo, mama.”

“Na aende salama. Mawakili wako wengi.”

“Wako wapi? Wote nimewaandikia, na kila barua umeisahihisha wewe!”

Hilo lilikuwa kweli. Mwanapili alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana pale Chake, na tangu Khatib aliporudi kutoka sekondari Unguja, mama na mwana walikuwa wakikaa mezani kuandika maombi. Khatib alitaka kuingia katika ofisi ya wakili, ajifunze ukarani wa sheria, na Mungu akijaalia siku moja asome sheria yenyewe. Alikulia kwenye baraza ya mahakama, ambako baba yake, Shaame, alikuwa tarishi. Mwanapili ndiye aliyemfutia maneno yote ya kujipendekeza. “Huombi sadaka,” alimwambia. “Sema unajua nini na unataka nini.” Barua ikipata doa la wino, aliichana, ikaandikwa upya, na Shaame akicheka kwenye kiti chake: “Mwanangu, huku nyumbani hakuna rufaa.”

Wakili mmoja alijibu kwamba ana makarani wa kutosha. Mwingine aliuliza Khatib ni mtoto wa nani, na alipojibiwa hakuandika tena. Waliobaki walinyamaza, isipokuwa yule ambaye watu wa mahakamani walimwita Miwani, aliyekuja Pemba kila jaji alipokuja kusikiliza kesi Chake. Huyu alisema atamchukua kwa miaka mitatu, ila kwa sharti: mzazi aje mwenyewe, waonane uso kwa uso, atie saini.

Sharti lile lilikuwa na sababu yake. Miwani alishawahi kuchukua vijana wawili wa Kipemba. Karafuu ziliposhika, wa kwanza aliitwa na baba yake akachume, akapotelea huko huko. Wa pili alipelekewa simu kwamba mama yake yu mahututi. Kijana alipofika mbio alimkuta mama kakaa uwanjani, anachambua karafuu na kuimba. Tangu hapo Miwani hakutaka barua wala wajumbe.

Na Shaame hakuwapo tena. Homa ilimchukua upesi, hata uji wa mgonjwa hakuumaliza. Sasa Mwanapili alikuwa ndani akikalia eda. Hapaki wanja, hafukizi udi, hatoki. Wanafunzi wake walikuwa wamepewa mwalimu mwingine.

“Ami yako Silima atatia saini,” alisema.

“Ami Silima!” Khatib alicheka bila furaha. “Kashanionyesha mikarafuu nitakayochuma, mti hadi mti. Huyo ndiye atie saini nende Unguja?”

“Basi usiende.”

Kazija, dada wa marehemu, aliyetoka Jadida kuja kukaa na wifi yake mpaka eda iishe, alikuwa akipeta mchele pembeni. “Msikilize mama’ko,” alisema. “Watu watasemaje? Kaburi la Shaame halijakauka, mkewe yuko barazani anazungumza na mawakili!”

“Tangu lini mama akajali watu watasemaje?” aliuliza Khatib.

Lilikuwa swali la haki, na Mwanapili alilijua. Ni yeye aliyewahi kumfukuza mlangoni pake, mbele ya nusu ya mtaa wa Madungu, baba aliyetaka kumtoa binti yake skuli akamuoze. Siku ile wala hakuuliza watu wanasemaje.

Khatib alingoja kidogo, kisha akasema “Haya” kwa sauti ndogo na kuingia chumbani. Alitoka amevaa suruali ya zamani iliyokatwa magotini. Akachukua pakacha na kamba ya kukwelea mikarafuu, akaketi kizingitini na kuanza kukaza mafundo ya kamba. Hakugomba tena. Mwanapili angependa agombe.

Tangu msiba, Khatib akienda dukani, mama yake alisimama nyuma ya mlango akisikiliza viatu vyake mpaka visisikike, kisha akarudi kukaa. Kazija alizungumza, kwa kuwa hanyamazi, lakini maneno yake yalipita bila kuacha kitu. Kijana alipokuwa akisoma Unguja, nyumba ilikuwa na Shaame. Shaame alikoroma, alikohoa, aliangusha vijiko, na mtu hakujiona yu peke yake. Eda ikiisha, Kazija atarudi kwake Jadida. Khatib naye akiondoka, atakayeangusha kijiko ni yeye mwenyewe. Hilo ndilo Mwanapili alilokuwa akilizuia, na eda ilimpa njia nzuri ya kulizuia bila kulitaja.

“Umefanya vyema, wifi yangu,” alisema Kazija, akipunguza sauti ili Khatib asisikie. “Mtoto awe machoni pako. Mie Soud wangu si alipata kazi bandarini Unguja? Nilikataa. Nililia, nikajilaza, nikasema nakufa. Akabaki. Mpaka leo yupo, kila siku namuona.”

“Mnazungumza nini?”

“Nani?”

“Wewe na Soud.”

Kazija aliokota chuya katika ungo, akaitupa. “Hazungumzi. Anakula, anakwenda kucheza karata, anarudi kulala. Lakini namuona.”

“Tangu mwaka ule ulipomzuia?”

“Tangu mwaka ule. Mzima, alhamdulillahi. Namuona.”

Akaendelea kupeta. Mwanapili alimtazama, kisha akautazama mgongo wa Khatib pale kizingitini. Kamba ilikwisha kukazwa zamani, naye alikuwa akiyafungua mafundo yale yale na kuyafunga tena. Angekaa hivyo. Angekaa vizuri sana, angemletea samaki na kuni, na hata siku moja asingemwambia neno baya.

Mwanapili alisimama.

“Buibui langu liko wapi?”

“Wifi!”

“Liko wapi, Kazija? Au nitoke hivi hivi?”

“Na eda je? Na watu?”

“Eda yangu nitarudi nayo kabla ya magharibi. Na hao watu, ukiwaona, wape salamu zangu. We Khatib, vua suruali hiyo! Unakwenda kwa wakili au kuchunga punda?”

Njiani watu waliwaona. Wanawake wawili waliokuwa wakizungumza mlangoni walikatiza maneno mpaka mama na mwana walipokwisha kupita. Mjaka, muuza kahawa, aliinua dele lake, akalitua tena bila kumimina.

“Pole, Bi Mwalimu,” alisema.

“N’shapoa,” alijibu Mwanapili, na hakupunguza mwendo. Khatib alimfuata nyuma kwa kanzu aliyoivaa mbio mbio, bahasha ya vyeti mkononi, hajui achukue hatua ndefu au fupi.

Miwani alikuwa barazani mwa mahakama, na dereva akimpakilia majalada garini. Alikuwa akielekea Mkoani kupanda meli ya Unguja. Alipomuona mwanamke wa buibui na kijana nyuma yake, alivua miwani, akaifuta na kuivaa tena.

“Pole kwa msiba, mama. Shaame akinihudumia vizuri sana hapa. Sikutegemea kwamba utakuja.”

“Mie pia. Kalamu iko wapi?”

“Tuzungumze kwanza. Karafuu zikishika?”

“Watachuma wanaochuma.”

“Ami zake wakinijia ofisini?”

“Waelekeze kwangu.”

“Na wewe mwenyewe, mama, ukiugua?”

Dereva alifunga buti ya gari kwa kishindo.

“Nitaugua,” alisema Mwanapili.

Wakili akatoa mkataba. Ulikuwa wa Kiingereza. Mwanapili alikijua Kiingereza cha kutosha kuusoma, lakini alisema, “Nataka niusikie kwa Kiswahili.”

“Sawa.” Wakili alimpa Khatib karatasi. “Soma wewe. Kazi yako itakuwa hiyo.”

Khatib alianza vizuri. Majina, tarehe, muda wa mkataba, wajibu wa mwajiri. Alipofika kwa mzazi alikwenda polepole.

“Mimi, mzazi wa mwanagenzi aliyetajwa hapo juu, nakubali kwamba kwa muda wote wa mkataba huu sitamwita arudi nyumbani, wala sitamtuma mtu amwite, kwa sababu ya mavuno, au harusi, au ugonjwa wangu, au...” Akakohoa. “Au haja nyingine ya nyumbani, ila kwa idhini ya mwajiri.”

“Umeruka neno?”

“Sikuruka, mama.”

“Soma tena. Sauti yako imeshuka. Mtu akija kwako na shauri lake, utamsomea hivyo?”

Khatib alisoma tena. Safari hii watu waliokuwa wakingoja kesi zao mwisho wa baraza waligeuka kusikiliza. Alisoma mpaka mwisho bila kukohoa, na Mwanapili alisimama wima mpaka alipomaliza. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake.

“Vizuri sana,” alisema wakili, akikunja karatasi. “Basi aje na meli ya wiki ijayo. Ajitayarishe, aage watu.”

Wiki ijayo. Chai ya asubuhi pamoja, viatu mlangoni, Kazija na machozi yake. Mwanapili alijijua. Ikifika wiki ijayo, ataugua kweli.

“Kwa nini wiki ijayo?” aliuliza. “Gari si hili?”

“Leo, mama?” alisema Khatib. “Sina nguo!”

“Nitakutumia.”

“Sijamuaga shangazi.”

“Nitakuagia.”

“Na wewe je?”

“Mie niko hapa, unaniona. Niage.”

Khatib aliinama akaubusu mkono wake. Alitaka kusema jambo, lakini mama yake alikwisha kuufungua mlango wa gari.

“Panda.”

Akapanda. Mwanapili aliufunga mlango mwenyewe, akausukuma kwa kiganja kuhakikisha umeshika.