Ng'ombe wa Boma Moja

Likizo ya mwaka 1974 vijana wengine waliosoma Dar es Salaam walirudi na redio. Kaka yangu Lukasi alirudi na nadharia, na ndiyo iliyotumaliza.

Baba yetu, mzee Mepukori, alikuwa na ng'ombe wengi, lakini mgeni akifika bomani kwetu, upande wa Kwedizinga, angetuonea huruma. Zizini walikuwamo wachache tu. Wengine walikaa kwa marafiki zake, Sindeni, ng'ambo ya Korogwe, na kwingine ambako hata mama hakukujua. Ndivyo sisi Wamasai tunavyoishi: unampa rafiki ng'ombe akutunzie, watoto wake wanywe maziwa, naye anakuwekea wa kwake. Na siku mkipeana ng'ombe wa urafiki hasa, hamwitani tena kwa majina. Baba na mzee Tiampati wa Sindeni waliitana Pakiteng, yaani mtu tuliyepeana ng'ombe, tangu sijazaliwa. Nilikuwa msichana mkubwa ndipo nikajua yule mzee ana jina jingine.

Lukasi alisomea uchumi. Jioni alikaa na baba karibu na zizi, akahubiri.

"Baba, mtaji uliotawanyika ni mtaji uliolala. Benki haikopeshi kwa ng'ombe ambao haiwaoni."

"Mimi nawaona," baba akasema.

"Unawaona moyoni. Benki haina moyo."

Hapo alisema kweli. Tulikuwa tunahamishiwa kijiji cha ujamaa, na kijiji hakikuwa na josho la kuwaogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Kupe huleta ndigana, na ndigana inaua. Benki ilikubali kukopesha fedha za josho kwa sharti moja: ng'ombe wetu wote wakusanywe, wakaguliwe. Kwa hiyo kaka hakusema upuuzi, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mama akapinga. "Ukiwanyima watoto wa mwenzio maziwa leo, kesho utakwenda kwa nani?"

"Mama, kesho tutakuwa na benki," Lukasi akacheka.

Akili nyingi huondoa maarifa. Lakini baba alimpenda mno kijana wake. Akashika fimbo, akaenda kuwarudisha wote, nami nikafuatana naye hadi kwa Tiampati. Ukame ulikuwa umewabana, na wajukuu wa mzee walikuwa wakiishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu. Hakubisha. Aliwatoa zizini mwenyewe, akampapasa mmoja wao, mwekundu, mgongoni.

"Nenda nao salama, Pakiteng," akasema. Baba hakuinua macho.

Bwana wa benki akaja na gari, akakagua, akaridhika. Lukasi akapanda gari hilohilo mpaka Korogwe, akarudi chuoni. Sisi tukabaki kungoja saruji. Mvua ikaitangulia, na kupe wakaja na mvua. Tezi zikavimba chini ya masikio ya ng'ombe, povu likawatoka puani, wakawa wanahema kama watu waliokimbizwa. Zamani ndigana ikiingia boma moja, mengine yalisalimika. Safari hii hakukuwa na mengine. Tulichoma mizoga mpaka nguo zetu zikanuka, na mama hakusema hata mara moja, "niliwaambia." Saruji ilipofika, josho likajengwa, tena zuri. Mbuzi walilala kivulini mwake.

Lukasi aliporudi likizo nyingine, hakusema shikamoo ya mjini. Aliinamisha kichwa kama mtoto, baba akamgusa utosini. Kisha akaanza kueleza. Muhula huo walikuwa wamefundishwa mambo ya fedha. Nadharia ilisema mwenye mali aigawe, aiweke huku na kule, ili janga moja lisimalize yote.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Na somo hilo," akauliza, "mnafundishwa baada ya lile la kwanza?"

"Ndiyo, baba. Mwaka wa tatu."

Nilitaka kumpiga kwa fimbo ya kuchungia. Kisha nikaona analia, nikashindwa.

Asubuhi baba alikwenda Sindeni, nami nyuma yake. Kwetu, aliyefilisika huenda kwa rafiki zake, naye harudi mikono mitupu. Tiampati alitupokea vizuri, akatuletea chai ya rangi, kwani maziwa hayakuwapo. Mjukuu wake mdogo sikumwona, na niliogopa kuuliza. Zizini kwake alisimama mtamba mmoja mzima.

Baba akaeleza yote yaliyotupata. Mzee akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Pole sana, Mepukori," akasema.

Baba akaweka kikombe chini kabla hajamaliza chai, akashukuru, akaniambia tuondoke. Yule mtamba hakumwomba.