Kimya cha Delys

Kwa miaka thelathini na mitano, kila asubuhi, watu wa Adelaide walisikia muziki wa Una Trethewey bila kujua kwamba yupo mtu anaitwa Una Trethewey. Redio ya muziki wa klasiki iliutumia kuziba pengo lililobaki kabla ya taarifa ya habari ya saa tatu. Filimbi na fidla zinakimbizana dakika mbili, halafu sauti inafifishwa na mtangazaji anaanza na moto wa nyika na kriketi. Watu waliupenda. Walipaka siagi mikate yao wakiufuatisha kwa mluzi.

Muziki wenyewe ulikuwa wa dakika kumi na moja.

Una aliutunga mwaka 1969 kwa ajili ya mdogo wake, Delys, aliyekufa kwa polio akiwa na miaka saba. Filimbi ni Delys, fidla ni Una mwenyewe. Mwanzoni wanacheza barazani kwa wazazi wao, fidla inauliza, filimbi inajibu. Kisha filimbi inaanza kuchelewa kujibu. Mwishoni fidla inauliza peke yake, na baada ya kila swali panakuwa kimya: sekunde tano, kumi, ishirini, mpaka arobaini. Sekunde hizo Una aliziandika kwa wino mwekundu, mpigaji asije akajifanya mjuaji akazipunguza. Furaha ya mwanzo iliwekwa pale ili ije kuondolewa, na redio ilikuwa imechukua furaha tu.

Kila mwaka alimwandikia Desmond Kupke, mtangazaji wa asubuhi, akimwomba aupige wote, mara moja tu. Kila mwaka alijibiwa kwa adabu kwamba ratiba imejaa. Imejaa nini? Imejaa Mozart, na akimaliza Mozart anaingia Beethoven, kana kwamba jamaa hao bado wana watoto wa kusomesha. Nabii hakubaliki kwao, sawa, lakini nabii angalau hutupiwa mawe. Watunzi wa Adelaide hata jiwe hawakupata. Noreen Sprague, rafiki yake, alitunga simfonia tatu huku mchana akipiga chapa barua za watu, na redio ikamkumbuka siku ya mazishi yake, kwa dakika nne. Una alikuwa na miaka themanini na miwili na sikio la kushoto lilishafunga duka. Hakutaka kukumbukwa. Alitaka kusikia, na alitaka wale wapiga mluzi nao wasikie.

Mwezi wa kumi Kupke akampigia simu.

"Mama Trethewey, nimekuwekea Alhamisi saa nne. Wote, mwanzo mpaka mwisho."

"Na kimya chake?"

"Kimya gani?"

"Desmond, miaka yote hiyo hujawahi kuisikiliza kanda mpaka mwisho? Kuna kimya. Kirefu. Usije ukadhani imekatika ukaanza kuropoka."

Kupke akacheka. "Mdomo wangu nitaufunga. Ila kuna mtambo hapa. Hewani pakipita sekunde kumi na tano bila sauti, wenyewe unaweka muziki wa akiba. Nitamwambia fundi auzime."

"Mwambie leo."

"Nitamwambia, mama. Kwani mimi mtoto?"

Una alimwandikia na barua vilevile, akapiga mistari miwili chini ya neno mtambo. Alikuwa anawajua watu wa redio. Ukiwatukana watakusamehe, lakini kimya kinawatia homa.

Alhamisi Vasso Karamanou, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja na biskuti zake za ufuta. Vasso hakuwa mtu wa klasiki, ila alikuwa mtu wa Una, na kwa umri wao hilo lilitosha. Una akamweleza habari za Delys, filimbi ni nani na fidla ni nani. Habari za kimya hakumwambia. Hicho alitaka kimfike chenyewe.

Kupke alitaja jina lake vizuri, bila kujikwaa. Muziki ukaanza.

"Ah, huu naujua," Vasso akasema. "Kumbe ni wako? Shoga, nimekaanga mayai na huu muziki miaka mingapi!"

"Nyamaza usikilize."

Dakika mbili zikapita na hakuna aliyesoma habari. Una akashika ukingo wa meza. Filimbi ikachelewa mara ya kwanza, na Vasso akaacha kutafuna. Ikachelewa tena. Kisha fidla ikabaki peke yake, ikauliza.

Sekunde tano. Una alihesabu kwa vidole. Fidla ikauliza tena. Kumi. Vasso alikuwa amekwisha kuziba mdomo kwa kiganja, na Una akafurahi, akafurahi kweli, kwa mara ya kwanza tangu kanda ile irekodiwe. Fidla ikauliza mara ya tatu. Moja, mbili, tatu. Akafika kumi na nne. Akafika kumi na tano.

Filimbi na fidla zikaruka kwa pamoja, zikikimbizana barazani, nyepesi, zenye afya tele. Mtambo ulikuwa umeweka muziki wa akiba, na muziki wa akiba ulikuwa ule ule wa kila asubuhi.

Baada ya dakika mbili sauti ya Kupke ilirudi, ikihema kidogo, na kitu mdomoni. "Una Trethewey, wetu wenyewe," akasema. "Na mnaona anavyoturudisha mwisho pale pale tunapopapenda sote." Muda wote ule hakuwa studio. Alikuwa amekwenda kujitengenezea kahawa.

Vasso alikuwa analia waziwazi. "Umeniua, shoga. Pale mtoto aliporudi, umeniua."

"Hakurudi."

"Nani?"

"Delys hakurudi, Vasso. Huo ni mtambo. Mimi niliandika kimya, sekunde ishirini, halafu arobaini, halafu basi. Miaka sabini na mbili hajanijibu."

Vasso akafuta macho, akamshika mkono kwa huruma zake zote. "Naelewa," akasema. "Lakini hivi ni vizuri zaidi."

Hakukuwa na mtu duniani ambaye Una alimpenda zaidi ya Vasso. Akamwomba achukue sahani yake, atoke.