Divai ya Forsadi

Tekla alilazwa hospitali ya Kitete mwezi wa nne, mimba yake ya tatu ilipoharibika na damu ikakataa kukatika. Mumewe, Modest, alimfikisha kwa pikipiki ya jirani, amemshika kutoka nyuma asianguke. Daktari aliposema inatakiwa damu, Modest alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Akapimwa, akaambiwa kundi lake halilingani na la mgonjwa. Aliyelingana alikuwa Masanja, kaka yake Tekla, ambaye yeye na Modest walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Masanja alitoa damu, akanywa soda, akaenda zake.

Modest alibaki kwenye benchi la nje. Hakuwa mtu wa maombi marefu. Alimwahidi Mungu kwamba mke wake akirudi nyumbani mzima, yeye atatoa divai ya Misa kwa kigango chao kwa mwaka mzima, na divai yenyewe ataitengeneza kwa mikono yake, si ya kununua. Nadhiri hiyo hakumwambia mtu. Tekla akarudi nyumbani, amekonda lakini mzima.

Walikuwa wakulima wa karibu na Kipalapala, watu wa mahindi na karanga, na nyuma ya nyumba walikuwa na bustani ya mchicha na nyanya. Zabibu Modest hakuwahi kupanda. Alijua tu kwamba zinatoka Dodoma, akamwagiza dereva mmoja wa lori amletee miche. Iliyokuja kwanza ilioza kwenye maji ya mvua. Iliyofuata ililiwa na mchwa. Tekla alimuuliza zabibu za nini, naye akajibu kwamba anajaribu tu.

Forsadi alizionea mjini. Kila baada ya mavuno alikuwa akimpelekea karanga Bi Hafsa, fundi cherehani wa mtaa wa Cheyo, na siku moja alimkuta uani anachuma matunda kwenye mti uliopandwa na marehemu baba yake. Yalikuwa meusi, madogo, kama shanga zilizogandamana. Bi Hafsa alimpa kisahani, akamwambia kwamba wao huyakamulia juisi ya kufuturia. Modest alikula, kisha akaviangalia vidole vyake. Vilikuwa vimeingia rangi nyekundu ya kukolea, na hata alipoviosha haikutoka.

Aliomba vijiti vya kupanda. Bi Hafsa akakata vya kutosha, akauliza kama ni kwa ajili ya watoto. Modest akasema ndiyo. Mama yule wa sala tano pengine asingempa vijiti kwa kazi ya divai, au pengine angempa. Modest hakutaka kujua.

Vijiti vilishika vyote. Alivipanda kwenye mkondo wa maji ya bafuni, na mwaka uliofuata miforsadi ikazaa. Watoto waliipenda, lakini aliyeipenda kupita kiasi alikuwa Tekla. Kila akienda bafuni alichuma, akirudi alichuma, na jioni ulimi wake ulikuwa wa zambarau. Modest akawapiga marufuku watoto, kisha akampiga marufuku na yeye. Alisema matunda yale yana kazi maalumu. Tekla alipouliza kazi gani, Modest akachukua ndoo akaenda kuchuma.

Tekla hakuyagusa tena. Akaanza kuuliza pembeni vijiti vilitoka wapi, akasikia kwamba vilitoka kwa mwanamke wa Cheyo. Basi akaunga hili na hili. Mume anayemnyima mkewe matunda ya uani kwake, na ndoo anazijaza na kuzifungia stoo, lazima ana mahali anakozipeleka. Hakugombana. Alimpikia, alimfulia, akaacha kumsimulia habari za siku.

Modest alikamua, akatia sukari, akachuja kwa kitambaa, akaacha ndoo zichache. Ilipokuwa tayari, alijaza chupa moja akaenda kwa Padre Bernardo, aliyekuwa akifundisha seminari ya Kipalapala na kuja kuwasomea Misa kigangoni. Padre alionja kidogo, akaonja tena.

"Nzuri," akasema. "Zabibu umezitoa wapi?"

"Si zabibu, Padre. Ni forsadi."

Padre akaweka glasi chini. Alimweleza taratibu kwamba divai ya Misa sharti itokane na zabibu, na kwamba hilo si la kwake yeye wala la askofu kubadilisha. Modest akasema forsadi nazo kaziumba Mungu. Padre akakubali, akasema mtama nao kauumba Mungu, lakini hawezi kuadhimisha Misa kwa togwa. Kisha akauliza shida yote hii ilianzia wapi, na Modest akamweleza, mtu wa kwanza kumweleza.

Padre alisema aliyeweka nadhiri anaweza kuibadilisha kwa tendo jingine lililo sawa nayo au bora zaidi.

"Tendo gani hilo?"

"Sikuchagulii. Mama nyumbani anajua?"

"Hapana."

"Anzia hapo."

Alimkuta Tekla nyuma ya nyumba, anamenya karanga. Akaketi kwenye kinu kilicholala, akamweleza yote: benchi, damu isiyolingana, zabibu zilizooza, mpaka Bi Hafsa. Tekla aliendelea kumenya mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hizo forsadi ulizokuwa ukinifukuza," akasema, "zilikuwa kwa ajili yangu."

"Zilikuwa za kumshukuru Mungu."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

Tekla akapepeta karanga, akapuliza maganda. "Mimi nilidhani una mwanamke," akasema. Halafu akasema: "Hata mimi niliweka nadhiri, pale kitandani. Nilimwahidi Mungu kwamba nikipona sitagombana nawe tena."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungenishikia hiyo kila tukikosana. Niliivunja wiki ileile niliyorudi, ulipoacha mbuzi wakala mchicha."

Modest alikumbuka ugomvi ule. Alicheka, naye Tekla akacheka, ingawa macho yake yalikuwa na machozi na hakuyafuta.

Divai iliyobaki waligawana na wageni. Tekla alimtaka Modest ampelekee Masanja chupa moja kwa mkono wake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshukuru. Modest akaenda. Masanja alimkaribisha, akaonja, akasema ni tamu kuliko alivyotegemea. Kuhusu mpaka hakuna aliyesema neno, na kesi ikabaki kwenye baraza la kijiji kama ilivyokuwa.

Wazo la kupeleka matunda wodini lilikuwa la Tekla. Alisema alipokuwa amelazwa kila mgeni alimletea uji, na yeye roho yake ilikuwa inataka kitu kichachu, akaona aibu kuomba. Basi msimu uliofuata, kila Jumapili baada ya Misa, walichuma beseni moja la forsadi, wakazisafisha, wakazifunika kwa kitenge na kwenda Kitete saa ya kutazama wagonjwa.

Jumapili ya kwanza haikuwa na sherehe yoyote. Muuguzi aliuliza kama zimeoshwa, akaonja moja, akawaruhusu. Mama mmoja alikataa, akasema yeye hali vitu vya watu asiowajua, na Tekla akamwambia ana haki. Binti wa kitanda cha dirishani alichukua kiganja kimoja, akala zote, akanyoosha mkono tena. Modest alisimama mlangoni, kwa kuwa ilikuwa wodi ya wanawake, akamtazama mkewe akipita kitanda kwa kitanda, akiinama, akiuliza hali.

Njiani kurudi alimwambia kwamba bado haoni kama beseni la forsadi linalingana na divai ya mwaka mzima.

"Hata mimi sijui," Tekla akasema. "Padre alisema nini?"

"Alisema sawa au bora."

Tekla alihamishia beseni tupu upande wa pili wa kiuno, wakaendelea kutembea. Mwaka mmoja ulipokwisha, Modest alihesabu kwamba nadhiri imetimia, akamwambia Padre hivyo. Jumapili iliyofuata miforsadi ilikuwa imezaa tena, wakachuma, wakaenda.