Bei Chee na Marufuku ya Asbesto

Mume wa dada yangu watu wote wanamwita Bei Chee, na jina lenyewe kajipa mwenyewe. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya duka kuna uwanja ambamo mume wangu alikuwa akikata mabati ya asbesto ya kuezekea nyumba kwa msumeno wa umeme. Alikuwa anarudi nyumbani mweupe kuanzia kope mpaka soksi, kama katoka mashine ya kusaga unga, na kikohozi kikimtangulia mlangoni. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: aondoke kwenye uwanja ule akiwa bado na mapafu.

Habari tulikuwa nazo, redio ilisema: vumbi la asbesto ni sumu ya mapafu. Nchi za baridi zilianza kuikataa asbesto zamani, moja moja, nami nikampelekea shemeji habari hizo dukani, mjinga mimi, nikidhani hajui.

"Shemeji, wale wana theluji," akanijibu huku akijipepea na kofia. "Wanajifungia ndani na vumbi lao. Sisi tunafungua madirisha."

Uingereza ikapiga marufuku. Theluji tena. Ikaja Australia, nikamkimbilia: "Na hawa je? Kule jua linababua watu!"

"Wale wana kangaruu," akasema, na wateja wakaangua kicheko. Mjadala ukaishia hapo. Mpaka leo sijui kangaruu ana kosa gani.

Ikafuata Ulaya nzima, ikafuata Japani. Baadaye Kanada, watu waliokuwa wakiichimba wenyewe na kuiuza duniani, nao wakasema basi. Nikadhani sasa atatahayari. Thubutu! Siku ile aliwanunulia soda wafanyakazi wote. "Kila wanapokataa wao, bei inashuka kwetu," akasema. Huyo ndiye mtu tuliyemwozesha dada yangu kwa vigelegele.

Mume wangu naye alikuwa na ugonjwa wa kuamini wakubwa. "Ikipigwa marufuku hapa kwetu, siku hiyo hiyo naweka msumeno chini," alikuwa akiniambia. "Kama ni sumu kweli, wataalamu si wangesema?" Wataalamu! Wataalamu walikuwa wameundiwa kamati. Kamati ikasafiri kwenda kujifunza kwa waliokwisha kukataa, ikarudi na mabegi mapya na pendekezo kwamba isafiri tena. Mume wangu akaendelea kukata na kukohoa, akiwasubiri waheshimiwa wapumzike uchovu wa ndege.

Hatimaye ikatangazwa: kuanzia mwakani, hakuna kuingiza asbesto nchini. Nililia kwa furaha jikoni. Nikamwambia mume wangu, haya, uliniahidi. Akaenda kumuaga Bei Chee, akarudi kainamisha kichwa.

"Mwanyumba kaniomba nimalizie shehena," akasema. "Marufuku yenyewe ni ya mwakani."

Kesho yake nikapita dukani nikakuta bango kubwa: WAHI KABLA YA MARUFUKU! Watu walikuwa wamejaa, wanasukumana, wanagombania mabati ya kwenda kulala chini yake wao na watoto wao. Neno marufuku liliwatia hamu. Msumeno haukunyamaza kutwa, na mume wangu, mtu wangu, alikuwa katikati ya wingu lile kajifunga leso puani.

Mwaka ulipogeuka aliweka msumeno chini kama alivyosema. Wakati huo hata nguvu ya kuuinua hakuwa nayo. Daktari aliitazama picha ya kifua, akatueleza bila kuzunguka: nyuzi za vumbi lile zimejichoma mapafuni, hazitoki, na hakuna dawa ya kuzitoa. Nilimchukia daktari kwa muda mfupi, kisha nikakumbuka wa kumchukia.

Bei Chee akaja na dada yangu kumjulia hali, kashika gazeti, furaha imemjaa mpaka masikioni. Alikuwa na hofu ya kulazimishwa kubomoa mapaa yote aliyowauzia watu, na sasa sheria ilikuwa imechapishwa.

"Sikieni wenyewe," akasema, akasoma kwa madaha. "'Asbesto iliyokwisha kuingia itaachwa mahali ilipo.' Hakuna kubomoa, hakuna kuulizwa!"

"Rudia hapo, mwanyumba," mume wangu akasema kutoka kitandani.

Akarudia, mara hii kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Mume wangu akajishika kifua. "Basi hii yangu ni halali."

Bei Chee akacheka, akampigapiga begani, akasema mgonjwa mwenye utani hafi upesi. Dada yangu hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, nami nilikuwa nimeshafungua mlango.

"Mtoe mume wako nje, dada," nikasema. "Wangu anataka hewa."